Hatshepsut: kisasi au siasa?

Ndugu, umeuliza kama Thutmose III, farao wa Misri ya kale, alifuta kumbukumbu za mama yake wa kambo, Farao Hatshepsut, kwa kisasi. Sidhani. Mwenye hasira hangoji miaka ishirini! Mama alifariki mnamo 1458 KK, na patasi ziliingia kwenye majina na sanamu zake Thutmose akiwa keshazeeka. Inaelekea zaidi alikuwa anamsafishia mwanawe, Amenhotep II, njia ya kurithi kiti.

Tena kazi yenyewe ya kumfuta haikukamilika. Ukifika kwenye hekalu la Hatshepsut huko Deir el-Bahari, ng'ambo ya Nile mkabala na Luxor, ukutani bado utaiona imechongwa safari aliyoituma nchi ya kale ya Punt, kusini kupitia Bahari ya Shamu. Wanaume wamebeba mzegazega, katikati mti wa utomvu wa kunukia umening'inia ndani ya kikapu, mizizi na udongo wake. Nyani wametulia kwenye kamba za merikebu. Hata samaki walio majini chini ya merikebu wamechongwa kwa makini hadi wataalamu wanawatambua aina kwa aina.

Na ile nguzo yake ndefu ya jiwe moja (obeliski) kwenye hekalu la Karnak, Luxor, karibu mita 30, Thutmose aliizungushia ukuta. Ukuta ukaihifadhi, imesimama mpaka leo.