Mchuzi wa nazi ukimwagika kwenye kapeti

Idd ya Kuchinja ya 2023 sebule yetu hapa Shangani, Mtwara, ilijaa wageni mpaka barazani. Tulikuwa tunakula chini, kwenye kapeti. Mtoto wa dada yangu akapita na bakuli la samaki wa nazi, mguu ukanasa kwenye pindo, bakuli likapinduka. Nikakimbilia ndoo ya maji na sabuni ya mche, nikaanza kusugua kwa nguvu zote. Doa lililokuwa la manjano likawa jekundu kama tambuu, tena likatanuka.

Shangazi aliyekuja kutoka Mikindani akanishika mkono. "Acha, mwanangu, unalilisha hilo doa."

Alikuwa na haki. Mchuzi ule una mambo mawili, mafuta na binzari ya manjano. Maji matupu hayashikani na mafuta, yanayasukuma tu yazame hadi kwenye mgongo wa kapeti. Binzari nayo ikikutana na sabuni ya mche hugeuka nyekundu, kwa sababu sabuni hiyo ina magadi. Kusugua kunavunja manyoya na kulitandaza doa.

Basi, likikumwagikia, kwanza komba mchuzi kwa kijiko, ukitoka pembeni kwenda katikati. Kisha gandamiza kitambaa cheupe cha pamba. Usichukue kipande cha kanga, rangi yake inaweza kuchuja ukawa na madoa mawili. Badilisha upande wa kitambaa kila unapoona umelowa mafuta.

Halafu unga. Shangazi aliomba unga wa muhogo, na huku kwetu haukosekani jikoni. Aliumwaga mkavu juu ya doa, akaubonyeza kwa kiganja, akauacha kama nusu saa. Nilipouangalia ulikuwa umeshikana vibonge vya njano, mafuta yamepanda ndani yake. Tukaukwangua, tukamwaga mwingine. Mara ya tatu ulibaki mweupe. Sembe pia inafaa. Ila hakikisha umeufagia wote kabla ya kutia maji, la sivyo utapata uji ndani ya manyoya, na sisimizi watakuja kuufuata.

Hapo ndipo sabuni inapoingia, ile ya maji ya kuoshea vyombo, kijiko kimoja cha chai kwenye vikombe viwili vya maji ya uvuguvugu. Ijaribu kwanza kwenye pembe iliyofichwa na kochi. Chovya kitambaa, kikamue, gonga-gonga doa taratibu. Maliza kwa kitambaa chenye maji safi, urudie mpaka utelezi uishe. Wengi hatua hii wanairuka, kisha wanashangaa pale pale panaingia weusi baada ya wiki mbili. Sabuni iliyobaki inanata, na vumbi la miguuni linaganda hapo.

Kukausha ni kazi kubwa kwetu tulio karibu na bahari, maana hewa ina unyevu na kapeti likilala bichi linatoa harufu ya uvundo. Bahati yetu upepo wa kusi ulikuwa unavuma. Tulilitundika ukutani uani, manyoya yakitazama jua. Jua lenyewe ni dawa ya binzari: njano iliyobaki ilififia kidogo kidogo, siku ya tatu sikuiona tena.

Mafuta ya taa na petroli usiyaguse kabisa. Vinashika moto, harufu haitoki, na vinaweza kulegeza gundi ya mgongo wa kapeti. Pasi ya moto juu ya karatasi nayo naiogopa, kwa kuwa makapeti mengi tunayonunua ni ya nyuzi za plastiki, yanayeyuka.

Na doa likijitokeza tena baada ya siku kadhaa, usikate tamaa. Ni mafuta yaliyozama chini yanapanda juu. Rudi kwenye unga mkavu, safari hii uuache usiku kucha.