Kabla Hujaandika Kwenye Hifadhi ya Mkataba, Jiulize Nani Atasoma

Mkataba mahiri (programu inayoendeshwa kwenye mtandao wa blockchain) wa kwanza nilioupeleka Ethereum ulikuwa wa kusajili nyaraka. Kila waraka ulikuwa na jina, maelezo ya herufi kama 200, tarehe, hali yake, na anwani ya mwenye nao. Nilikuwa nimetoka kwenye hifadhidata za kawaida, ambako hakuna anayekuuliza kwa nini umeongeza safu kwenye jedwali, basi nikavihifadhi vyote vitano. Kwenye mtandao wa majaribio mambo yalikwenda vizuri, maana Etha (sarafu ya Ethereum) ya majaribio ni ya bure na cha bure hakiumi. Siku nilipohamia mtandao wenyewe, pochi ikanionyesha ada ya kusajili waraka mmoja, nikadhani nimesoma nukta vibaya.

Sikuwa nimekosea. Hifadhi ya mkataba imegawanywa katika sloti za baiti 32 kila moja. Kuandika kwenye sloti tupu ni gesi 20,000 (gesi ni kipimo cha kazi unayolipia mtandao), na kwa kuwa sloti hiyo inaguswa kwa mara ya kwanza katika muamala huo, unaongezewa 2,100. Sasa uhesabu waraka wangu: jina fupi, sloti 1, maelezo, sloti 1 ya urefu wake na 7 za maneno yenyewe, tarehe 1, hali 1, anwani 1. Ni sloti 12, yaani gesi 265,200. Ongeza 21,000 ambazo kila muamala hulipa hata usipofanya kitu, unafika 286,200. Gesi moja ikiwa gwei 20 (gwei ni sehemu moja ya bilioni ya Etha), hiyo ni Etha 0.0057 kwa waraka mmoja tu. Kumtumia mtu Etha kwa kawaida ni hizo 21,000 basi.

Wengi hulalamika kwamba bei hii ni ya kukomoana. Mimi naona ni ya haki. Ulichoandika kitabebwa na kila nodi kamili, yaani kompyuta inayotunza nakala ya data ya mtandao, leo na miaka ijayo, mpaka mtu akifute. Wewe umelipa mara moja, wao wanabeba siku zote.

Kilichoniokoa ni swali moja ambalo sasa naliuliza kwa kila kigeu: je, mkataba wenyewe utakisoma hiki ili uamue jambo? Anwani ya mwenye waraka, ndiyo, maana mkataba lazima ujue nani ana ruhusa ya kuubadilisha. Hali yake, ndiyo. Maelezo? Mkataba haujali maelezo yanasema nini; wanaoyasoma ni watu, kupitia tovuti. Basi nikayatoa kwenye hifadhi, pamoja na jina, na kuyatangaza kama tukio, ambalo huandikwa kwenye logi (kumbukumbu iliyo nje ya hifadhi) kwa gesi 8 kwa kila baiti, juu ya ada ndogo ya 375 na nyingine 375 kwa kila mada, yaani lebo ya kutafutia tukio. Herufi 200 zikawa gesi 1,600 badala ya sloti 8. Ndani ya hifadhi nikabakiza heshi ya waraka (alama inayokokotolewa kutoka kwenye data, hubadilika data ikibadilika), baiti 32 kamili, ili yeyote ahakikishe kwamba maelezo hayajachezewa. Ila ujue kwamba mkataba hauwezi kusoma logi zake. Ukigundua baadaye kwamba uliihitaji data hiyo ndani, umechelewa.

Vilivyobaki nikavipanga pamoja. Anwani ni baiti 20, tarehe inatosha kwenye uint64 (namba nzima ya biti 64) ambayo ni 8, hali ni baiti 1. Jumla 29, sloti moja. Kompaila ya Solidity, lugha ya kuandikia mikataba hii, huzipanga yenyewe mradi umezitangaza zikifuatana. Ukichomeka uint256, inayojaza sloti nzima, katikati yake, umezitenganisha. Na usidanganyike kwamba aina ndogo ni nafuu daima. uint8 iliyokaa peke yake inachukua sloti nzima, na hugharimu zaidi kidogo kwa kazi ya kukata biti za ziada. Waraka wangu ukashuka kutoka sloti 12 hadi 2.

Hapo nikajiona mjanja, nikaandika fanksheni ya kufuta nyaraka za zamani nikitegemea kurudishiwa gesi. Nilikuwa nasoma mafunzo yaliyopitwa na wakati. Zamani kufuta sloti kulirudisha 15,000, na watu wakageuza hilo biashara: wanajaza sloti gesi ikiwa rahisi, wanazifuta ikipanda. Tangu mabadiliko ya London ya Agosti 2021, unarudishiwa 4,800, na marejesho yote hayawezi kuzidi sehemu moja ya tano ya gesi uliyotumia. Muamala wa kufuta sloti moja hula 21,000 na 5,000 za kuandika. Ukirudishiwa, bado umetoa zaidi ya 21,000. Futa ukiwa tayari ndani ya muamala wenye kazi nyingine, usifunge safari kwa ajili hiyo.

Kubadilisha sloti yenye kitu ni 5,000 tu, si 22,100. Ndiyo maana kufuli za kuzuia mkataba kuitwa tena katikati ya kazi hubadilisha kati ya 1 na 2, haziendi 0. Na tangu Machi 2024 kuna hifadhi ya muda inayofutika muamala ukiisha, gesi 100 kwa kuandika, na kufuli ndiyo kazi iliyoifaa zaidi.

Thamani isiyobadilika iandike constant au immutable, haigusi hifadhi kabisa.

Kama unajenga kwenye mtandao wa tabaka la pili, yaani ule unaofanya kazi juu ya Ethereum, usibebe hesabu hizi kama zilivyo. Huko gesi ni rahisi, na unalipia pia data ya muamala inayopelekwa Ethereum. Maelezo yangu ya herufi 200 yangelipiwa njiani hata kama yangeishia kwenye logi, kwa hiyo huko ningetuma heshi tu na kuyaacha maelezo nje kabisa.