Kadi Yako ni ya Gramu Ngapi, Fundi?

Maswali ya safari hii ni ya kadi za biashara. Moja limeandikwa kwa hasira, nalo nimelijibu hivyo hivyo.

Natengeneza viti na makabati kando ya Ngong Road. Mpiga chapa wa River Road ananiuliza kama nataka gramu 300 au 350, na kama nataka laminesheni. Mimi hupima mbao, si karatasi. Nimwambieje? – Seremala

Fundi, gramu hizo ni uzito wa karatasi yenye ukubwa wa mita moja mraba. Karatasi ya kawaida ya fotokopi ni gramu 80, kwa hiyo 300 zinakutosha. Hiyo 350 utaihisi kwenye kidole tu. Bei ikipanda sana, achana nayo.

Kwako wewe jambo kubwa ni laminesheni, ile ngozi nyembamba ya plastiki inayobandikwa juu ya kadi. Kadi yako inashikwa na mkono wenye vumbi la mbao na gundi, halafu inaingia mfuko wa suruali ya mtu anayegombania matatu. Bila ngozi hiyo, kona zinachakaa upesi. Chagua isiyong'aa, maana inayong'aa huonyesha kila alama ya kidole, na juani nambari ya simu haisomeki.

Ila mwambie apake plastiki hiyo upande wa mbele pekee. Nyuma pabaki karatasi tupu, kwa sababu mteja akikuuliza meza ya watu sita utataka kumwandikia vipimo na bei papo hapo, na biro huteleza juu ya plastiki. Kadi iliyopakwa upande mmoja huweza kujipinda kidogo. Zilaze chini ya ubao mzito usiku mmoja, mbao unazo.

Wateja wangu wote wako WhatsApp. Kadi ya nini tena? – Msusi, Kenyatta Market

Hao hawaihitaji, dada. Anayeihitaji ni yule atakayekaa kando ya mteja wako kwenye basi na kumuuliza, "Umesukwa wapi?" Kila anayeinuka kitini mpe mbili.

Nilituma nembo yangu kwa WhatsApp. Waridi yangu kali imerudi imepauka kama kitambaa kilichofuliwa mara mia, maandishi yana ukungu na herufi ya mwisho imekatwa! Mpiga chapa anasema kosa ni langu. – Mwoka keki, Umoja

Mama, kosa mmegawana. Kioo cha simu huonyesha rangi kwa mwanga: nyekundu, kijani na buluu. Mashine huchapa kwa wino wa rangi nne: samawati, majenta, manjano na nyeusi. Waridi zinazowaka kwenye simu mara nyingi hazifikiwi na wino huo. Hilo alipaswa kukuambia kabla ya kupokea pesa.

Ukungu ni wako. WhatsApp hubana picha ili ziwe nyepesi. Tuma faili ya PDF kama hati, si kama picha. Herufi iliyokatwa inatokana na kisu: rangi iliyo nyuma ya maandishi ivuke ukingo wa kadi kwa milimita 3, na maandishi yakae ndani angalau milimita 3 hadi 5. Ukubwa wa milimita 85 kwa 55 unakaribia kadi ya ATM, hivyo unaingia kwenye pochi.

Safari nyingine lipia kadi moja ya kujaribu, kwenye karatasi ile ile, kabla ya zote kuchapwa.

Nichape 100 au 1,000? Na niweke nambari ya till ya kulipia kwa M-Pesa na ule mchoro wa QR? – Fundi bomba, Githurai

Kwa mashine ya ofseti, gharama ya kutengeneza bamba ni ile ile hata uchape chache, ndiyo maana 1,000 huonekana rahisi. Anza na 100 za mashine ya dijitali, isiyohitaji bamba. Mimi niliwahi kuchapa 500 zenye tarakimu moja ya simu iliyokosewa, na sampuli nilikuwa nimeipitisha kwa macho yangu mwenyewe. Bado natumia zilizobaki kuandikia orodha ya sokoni. Siku hizi, kabla ya kusema "chapa", naipiga ile nambari iliyo kwenye sampuli nisikie ni simu ya nani inayolia.

Till iache. Bomba likipasuka usiku, mtu anatafuta nambari ya kukupigia, na mbili zikikaa pamoja atakosea. QR weka nyuma ukitaka, isipungue sentimita 2 kila upande, nyeusi juu ya nyeupe, na uijaribu kwa simu mbili tofauti. Hakikisha anwani ya ukurasa wako imo ndani ya mchoro wenyewe. Kuna tovuti za kutengeneza QR zinazompitisha mteja kwao kwanza, na usajili wako ukiisha, mchoro unakufa kadi zikiwa bado mfukoni.