Fungua daftari kabla ya kumkataa mpangaji

Nina vyumba vinne vya kupangisha huku Mbagala. Kwa miaka mitatu, kila dalali aliponiletea dereva wa bodaboda nilimwambia chumba kimeshapata mtu. Sikujiona nina ubaguzi. Nilijiona mwenye nyumba aliyeumwa na nyoka, basi.

Siku moja dalali akaniuliza, "Mama, kijana ana kodi ya miezi sita mkononi, tatizo nini?" Nikakosa jibu. Usiku ule nikatoa daftari la kodi, nikahesabu.

Nimekuwa na wapangaji 14, na 3 kati yao walikuwa wa bodaboda. Mmoja alihama usiku na deni la miezi miwili, kitasa kimevunjwa. Wawili walilipa kwa wakati, na mmoja wao hata sura yake imenitoka. Katika wale 11 wengine, 4 walinisumbua, akiwemo mtumishi mwenye mshahara wa uhakika. Hao niliwasahau. Kitasa kile sikukisahau.

Hili wanasaikolojia wanalijua. Mwaka 1976, Hamilton na Gifford waliwapa watu sentensi 39 kuhusu makundi mawili: kundi A watu 26, matendo mema 18 na mabaya 8, kundi B watu 13, matendo mema 9 na mabaya 4. Uwiano ni uleule, lakini washiriki walilibebesha kundi dogo mabaya kuliko yaliyokuwepo. Baya ni nadra, na mtu wa kundi dogo ni nadra. Vikikutana, vinaganda kichwani.

Kwa hiyo usijilazimishe tu "kuwa na roho nzuri", maana kumbukumbu haisikii maonyo. Andika. Anayelipa kwa utulivu mwandike pia, kwa sababu huyo ndiye anayefutika kwanza. Maswali yapange kabla mtu hajabisha hodi, na yawe yaleyale kwa wote: kazi, mdhamini, kodi ya miezi mingapi. Ukisikia moyo unasema "hawa watu", jiulize ni nani hasa unayemkumbuka. Mimi kila mara alikuwa yule mmoja.

Yule kijana mwenye kodi ya miezi sita alishapata chumba kwingine nilipompigia dalali. Nilimwomba aniletee mwingine. Huyo mwingine anakaa chumba cha nyuma tangu Machi, na tarehe zake zote za kulipa zimo daftarini.