Mwanao ameletewa mkataba wa kikapu cha kulipwa? Soma hii kabla hujashika kalamu

Jioni moja mama wa kijana ninayemfundisha alinikuta viwanjani Upanga. Alisubiri mpaka nikapuliza filimbi ya mwisho na watoto wakakimbilia maji, ndipo akatoa bahasha ya kaki kwenye mkoba. Mlikuwa na karatasi nne za Kiingereza. Ya mwisho ilikuwa na nafasi ya sahihi ya mzazi, na kalamu ya bluu ilikuwa imebanwa juu yake tayari.

Kijana ana miaka 16, yuko Kidato cha Tatu, na akiingia darasani huinama. Mtu aliyejitambulisha kuwa wakala anataka kumpeleka nje akacheze ligi ya kulipwa. Shule, amesema, itafuata baadaye. Sahihi aliitaka kabla ya Ijumaa.

Nilimwambia, "Mama, usisaini. Niachie nizisome leo usiku."

Nina sababu ya kuwa mkali katika hili. Nikiwa na miaka 19 niliacha Kidato cha Sita katikati nikasaini na klabu moja ya nje, kwa sababu tu mshahara ulikuwa umeandikwa kwa dola. Miezi miwili walilipa. Mwezi wa tatu nyama ya paja ikachanika, na wa nne hakuna aliyepokea simu yangu. Pasipoti yangu ilikuwa kabatini kwa meneja. Nilirudi Dar kwa nauli aliyoichanga baba yangu mdogo na wenzake wa kijiweni, sina cheti cha Kidato cha Sita wala akiba. Kwa hiyo wazazi wanaponiuliza kama kijana aende chuo Marekani au aingie moja kwa moja kwenye kikapu cha kulipwa, sijibu kwa haraka, na naomba nawe usijibu kwa haraka.

Tuanze na asili ya habari hii. Tangu 2006 NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, haimpokei kijana wa Kimarekani mpaka atimize miaka 19 ndani ya mwaka wa kuchaguliwa kwenye drafti, yaani ile siku timu hupokezana kuchagua wachezaji wapya kwa namba, na mwaka mmoja uwe umepita tangu darasa lake lihitimu sekondari. Mwaka huo wa kusubiri ndio uliozaa soko zima. Wengi waliutumia chuoni, lakini wapo waliouliza: kwa nini nicheze bure wakati naweza kulipwa? Brandon Jennings alikwenda Roma mwaka 2008, na mwaka uliofuata timu ya NBA ya Milwaukee ikamchukua akiwa namba 10. Emmanuel Mudiay, mzaliwa wa Kinshasa, alikwenda China mwaka 2014, kisha Denver wakamchagua namba 7. LaMelo Ball alipitia Australia.

Mwaka 2020 NBA yenyewe ikafungua mlango ndani ya G League, ile ligi yake ya kukuza wachezaji. Iliunda timu ya chipukizi iliyoitwa Ignite. Jalen Green alikuwa wa kwanza kusaini, kwa malipo yaliyoripotiwa kufika dola 500,000. Jonathan Kuminga, mtoto wa Goma, alijiunga naye akiwa na miaka 17. Mwaka 2021 Green akachaguliwa namba 2 na Kuminga namba 7, na mwaka mmoja baadaye Kuminga alikuwa bingwa wa NBA na timu ya Golden State. Hiyo ndiyo hadithi ambayo mawakala huibeba mfukoni. Yule wa Upanga aliitaja mara tatu.

Asichokisimulia ni Daishen Nix. Nix aliachana na chuo cha UCLA akaingia Ignite hiyohiyo, msimu uleule, na drafti ya 2021 ikapita bila jina lake kutajwa. Ilibidi aanze kubisha hodi upya. Na Ignite yenyewe haipo tena, ilifungwa baada ya msimu wa 2023-24. Sababu ni kwamba tangu Julai 2021 wanachuo wa Marekani wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao, na tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa wanamichezo moja kwa moja. Kijana bora wa Kimarekani hana tena haja ya kukimbia chuo ili apate pesa. Ukisikia mtu leo anakuhubiria kwamba "chuo hakilipi", jua habari zake ni za zamani.

Ila hapa wazazi wetu wengi huteleza kwa upande wa pili. Kijana kutoka Tanzania, Kenya au Kongo husoma Marekani kwa viza ya mwanafunzi, na viza hiyo ina masharti makali kuhusu kazi. Dili la tangazo ambalo mwenzake Mmarekani analisaini bila wasiwasi linaweza kumharibia yeye viza. Asiguse mkataba wowote kabla ya kuonana na mwanasheria wa uhamiaji. Kwa mtoto wako, faida ya uhakika ya chuo bado ni ada, chakula, malazi, daktari wa timu, na shahada ambayo goti likivunjika haivunjiki nalo.

Na mishahara ya ligi ya kukuza wachezaji? Mchezaji wa kawaida wa G League msimu wa 2023-24 alilipwa dola 40,500, kabla ya kodi, tena ndani ya Marekani ambako kila kitu ni ghali. Hizo 500,000 zilikuwa za wachache sana. Mikataba ninayoletewa mimi hapa Dar inazungumzia dola 300 au 400 kwa mwezi na kitanda. Ligi ya kulipwa sijasema ni mbaya. Kijana wa miaka 18 anayesukumana kila siku na wanaume wenye watoto nyumbani hukomaa kuliko anayecheza na rika lake, na hilo nimeliona kwa macho yangu. Hasheem Thabeet wetu, aliyesoma chuo cha UConn, Marekani, miaka mitatu na kuchaguliwa namba 2 mwaka 2009, alipelekwa ligi ya kukuza wachezaji akiwa bado katika msimu wake wa kwanza wa NBA. Kupita huko si aibu. Swali ni unapita ukiwa na nini mkononi.

Ndiyo maana njia ninayoipenda zaidi kwa watoto wetu ni ile ya Khaman Maluach. Alizaliwa Sudan Kusini akakulia Uganda, akaingia akademia ya NBA kule Saly, Senegal, na kupitia mpango wa akademia hiyo akacheza ligi ya Afrika, BAL, misimu mitatu, wa mwisho akiwa na City Oilers ya Kampala. Alipambana na wakubwa huku shule ikiendelea na mlango wa chuo ukibaki wazi. Akaingia chuo cha Duke, Marekani, akacheza msimu mmoja, na 2025 akachaguliwa namba 10. Miaka ya kukua kwake haikuhitaji kuuzwa.

Utaambiwa pia kwamba siku hizi hata aliyelipwa anaweza kurudi chuo. Ni kweli kwa kiasi. Thierry Darlan wa Jamhuri ya Afrika ya Kati alipitia Saly, akacheza Ignite na timu nyingine za G League, na 2025 akakubaliwa kuchezea Chuo cha Santa Clara. Nilifurahi mno kusikia. Lakini NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, huangalia ulimaliza sekondari lini, ulifanya nini baada ya hapo, na masomo yako yanatosha au la. Bila cheti cha Kidato cha Nne chenye alama za kueleweka, hakuna mlango wa kurudia.

Usiku ule nilizisoma zile karatasi kwa taa ya simu, umeme ulikuwa umekatika. Kifungu cha malipo kilikuwa juu kabisa, kwa herufi nene. Ukurasa wa tatu, kwa herufi ndogo, palikuwa na maneno niliyoyasoma mara mbili: mchezaji akiumia na kushindwa kucheza kwa siku 30, klabu inaweza kusitisha mkataba. Akivunja mkataba yeye, atarudisha nauli, malazi na "gharama za maendeleo". Kiasi hakikuandikwa. Asilimia ya wakala ilikuwepo, jina la shule halikuwepo.

Kesho yake mimi, mama na kijana tulikaa kwenye benchi la saruji tukaandika barua fupi. Tulimwuliza wakala nani atalipa hospitali goti likienda, na kwa muda gani. Pasipoti itakaa kwa nani? Shule ni ipi, inatoa cheti gani, na tunaweza kumpigia mkuu wake simu? "Gharama za maendeleo" ni shilingi ngapi? Tukaomba pia namba za wachezaji wawili waliowahi kupita kwake, tuongee nao wenyewe. Kijana alikunja uso, aliona tunamkimbizia bahati. Nikamwonyesha kovu la pajani.

Ijumaa ilipita bila sahihi, na wakala hakuondoka kama alivyotishia. Ametuma jina la shule na ametuma namba moja ya mchezaji. La pasipoti amejibu kwamba "tutaelewana". La hospitali hajaligusa, na kijana kesho ana mtihani wa fizikia.