Miaka kumi ya usukani Dar, sasa uko Ohio: anza kwa kufundisha mikono upya

Mkuu, umeuliza kuhusu shemeji yako: ameendesha Dar miaka kumi, amefika Ohio, mtihani wa kuandika amefaulu, na unataka kujua ajihadhari na nini kabla hajaanza kwenda kazini na gari peke yake, hasa baridi inapokaribia. Walioanza kukujibu wamesema asome kitabu cha jimbo cha sheria za barabarani. Asome, lakini sheria hazitamshinda. Hatari yake iko kwenye mazoea: Dar tunaendesha upande wa kushoto, Ohio ni upande wa kulia. Akili ikiwa macho atabaki kulia vizuri tu. Akichoka, akishtuka, au barabara ikiwa tupu usiku, mikono itafanya ilichofanya miaka kumi.

Saa mbaya zaidi ni ile ya kutoka kituo cha mafuta au kwenye maegesho na kukata kushoto kuingia barabara pana isiyo na gari. Gari likiwepo mbele utalifuata. Lisipokuwepo, mkono unakupeleka leni ya kushoto, na hiyo ndiyo ya wanaokuja. Kanuni ya kushika ni hii: mwili wa dereva ukae upande wa katikati ya barabara, na abiria akae upande wa ukingo. Dar ilikuwa hivyo hivyo, kwa hiyo hajifunzi kitu kigeni. Kisha aangalie rangi. Marekani mstari wa njano hutenganisha wanaokwenda na wanaokuja, na mweupe hutenganisha wanaokwenda upande mmoja. Njano iwe kushoto kwako kila wakati. Ukiiona kulia kwako kwenye haiwei, au ukiona vioo vidogo vya barabarani vinakung'alia wekundu, umeingia kinyume. Punguza mwendo na utoke pembeni mara moja.

Waliotoka Bukavu au Bujumbura wao wamezoea kukaa kulia, ila wengi waliendesha magari ya Japani yenye usukani wa kulia, yaani dereva akiwa ukingoni. Kwao kanuni ya mwili katikati ni mpya kabisa, waitilie mkazo zaidi.

Kosa la pili ni la upana wa gari. Aliyezoea kuwa na bodi yote kushoto kwake, akihamia kiti cha kushoto hulisogeza gari kulia mno: anapanda ukingo, anang'oa saiti mira za magari yaliyoegeshwa. Dawa ni kutazama mbali, katikati ya leni, wala si pua ya gari. Jumapili asubuhi mpeleke kwenye maegesho matupu, panga chupa za maji kila upande, apite kati yake mbele na nyuma mpaka asiangushe hata moja. Hapo hapo, gari likiwa limezimwa, arudie indiketa mara hamsini. Kwenye Toyota zetu za Japani indiketa iko kulia na waipa kushoto. Huku ni kinyume. Anayewasha waipa badala ya indiketa huinamisha macho kutafuta swichi, na macho yakiwa chini kwa sekunde moja kwa maili 60 kwa saa, gari limeshakwenda futi 88, mita 27. Na kioo cha ndani sasa kiko kulia kwake. Azoeshe na shingo.

Kipilefti jina lenyewe linamwambia dereva abaki kushoto. Huku unaizunguka kwa kulia, kinyume cha saa, na unampisha anayetoka kushoto. Zilizo nyingi zaidi ni njia panda zenye kibao chekundu cha pembe nane kila upande. Hapo hakuna ubabe: aliyefika kwanza anaondoka kwanza, mkifika pamoja unampisha aliye kulia kwako. Na kusimama maana yake magurudumu yasizunguke hata kidogo. Kunyatia tu ni kosa, na mtahini wa barabarani anakufelisha kwa hilo.

Kukata kulia taa ikiwa nyekundu kunaruhusiwa sehemu nyingi, baada ya kusimama kabisa, isipokuwa kibao kikikataza. Jiji la New York lenyewe linakataza mpaka uone kibao kinachoruhusu. Ajali ya hapo mara nyingi huja hivi: dereva anakodolea kushoto kungoja nafasi ya magari, anapata nafasi, anaachia breki, na kumbe mtu wa miguu ameshaanza kuvuka akitokea kulia. Angalia kushoto, kisha kulia, ndipo uondoke. Kukata kushoto kwenye taa ya kijani isiyo na mshale nako unawapisha wote wanaokuja. Kule nyumbani tunaingiza pua kidogo kidogo mpaka wa mbele akubali. Huku hakubali, kwa sababu hategemei kabisa kwamba utaingia.

Lugha ya taa pia imebadilika. Nyumbani wengi huwasha hazadi njia panda kuonyesha wananyoosha moja kwa moja. Huku hazadi ni gari lenye tatizo, na ukiiwasha umeficha indiketa yako. Nyumbani dereva wa lori akiwasha indiketa anaweza kuwa anakuambia pita au usipite. Huku indiketa ya lori ina maana moja, anahama leni au anakata kona. Ukiitafsiri kwa mazoea ya barabara ya Morogoro, utakwenda kujibana ubavuni mwake.

Basi la shule la njano hili alijue kama jina lake. Taa za rangi ya chungwa zikimetameta, linakaribia kusimama, punguza. Zikiwa nyekundu na mkono wa kibao umetoka, simama kabisa, uwe nyuma yake au unakuja kwa mbele. Baki umbali wa futi 25 hivi. Usiondoke mpaka taa zizimwe na basi lianze kwenda. Barabara yenye leni nyingi au kizuizi katikati, majimbo yana tofauti kwa anayetoka upande wa pili, kwa hiyo asome la jimbo lake. Akiwa na shaka asimame. Watoto huvuka mbele ya basi mahali usipowaona.

Watoto wenu wenyewe je? Mama kumpakata mtoto kiti cha nyuma hakuna. Gari likigota, mikono haimshiki. Kiti cha mtoto mchanga kielekee nyuma, na abaki hivyo angalau mpaka miaka miwili, zaidi kama kiti kinaruhusu uzito wake. Kitikise pale mkanda unapopita: kikisogea zaidi ya inchi moja, hakijafungwa. Mkanda wa mabegani usiweze kuukunja kwa vidole viwili, na kile kibanio cha kifuani kikae usawa wa kwapa. Koti nene la baridi livuliwe kwanza, kwa sababu kwenye mgongano sufi yake inashindiliwa na mkanda unabaki umelegea. Mfunge, halafu mfunike na koti juu. Kiti cha mtumba ambacho hujui kama kimewahi kupata ajali usikichukue hata kwa bure, na angalia tarehe ya mwisho iliyochapwa chini yake.

Sasa baridi. Kwanza rejeta. Nyumbani tunaongeza maji ya bomba na safari inaendelea. Huku maji yakiganda yanapanuka na kupasua injini yenyewe. Kinachotakiwa ni mchanganyiko wa nusu kwa nusu, dawa ya kuzuia kuganda na maji yaliyotakaswa, ambao hustahimili mpaka karibu nyuzi 37 za Selsiasi chini ya sifuri. Maji ya waipa nayo yawe yale ya msimu wa baridi yasiyoganda, si sabuni na maji. Upepo wa tairi hushuka karibu psi moja kwa kila nyuzi 10 za Fahrenheit, kwa hiyo upime asubuhi gari likiwa limelala, ufuate namba ya kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kashata za tairi uzipime kwa sarafu ya senti 25: ingiza kichwa cha Washington kikiwa chini, ukiona utosi wake wote, zimebaki chini ya milimita 3 hivi na kwenye theluji hazishiki. Sheria za majimbo mengi huruhusu hadi milimita 1.6, lakini hiyo si kinga ya Januari.

Barafu inayoua ni ile isiyoonekana, ngozi nyembamba juu ya lami inayofanana na unyevu tu. Madaraja huganda kabla ya barabara, maana upepo baridi unayapiga juu na chini. Ukiona matairi ya gari lililo mbele yako hayarushi maji ingawa lami inang'aa, hiyo ni barafu. Ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, zima ule mfumo wa kushika mwendo wenyewe, na acha nafasi ya sekunde nane au kumi badala ya tatu. Gari likiteleza, tazama unakotaka kwenda na ugeuze usukani huko huko, usiukaze mguu kwenye breki kwa hofu. Ukilazimika kufunga breki na gari lina ABS, yaani breki zinazozuia magurudumu kujifunga, kanyaga kwa nguvu na ubaki umekanyaga. Pedali itatetemeka na kunguruma, ndiyo kazi yake. Kupampu breki kama tulivyofundishwa kwenye magari ya zamani kunaiharibia. Na fobaifo inakusaidia kuondoka. Kusimama, iko sawa na gari lolote lenye tairi kama zako.

Theluji itolewe gari zima, pamoja na paa, kwa sababu ukifunga breki, theluji ya paani inashukia kioo cha mbele. Usimwagie kioo maji ya moto, kinaweza kupasuka. Ukikwama na injini inawaka, toka ukaangalie bomba la moshi lisiwe limezibwa. Likizibwa, hewa ya sumu hurudi ndani ya gari, na haina harufu.

Jambo ambalo watu wetu hawalipi uzito ni usingizi. Wengi wanapiga shifti mbili, usiku kwenye nyumba ya wazee au ghala, na wanaendesha alfajiri. Mtu aliyekaa macho saa 17 huendesha kama mwenye kiwango cha pombe cha 0.05, akifika saa 24 ni kama 0.10, juu ya 0.08 ambayo ni kosa karibu kila jimbo. Kufungua dirisha na kupandisha muziki hakumwamshi mtu. Kahawa, kisha dakika 20 za usingizi hapo hapo maegesho ya kazini, angalau vinasaidia. Tena wanaopakiana gari moja wapangane, asiendeshe aliyefanya shifti mbili.

Polisi akiwasha taa nyuma yako, weka indiketa ya kulia, simama pembeni, zima injini, shusha kioo, mikono juu ya usukani. Usishuke kumfuata kama tunavyomfuata trafiki. Kushuka kwako anaweza kukuona ni tishio. Mwambie kwanza leseni iko wapi ndipo uichukue. Neno la fedha lisitoke kabisa, hata kwa utani, maana ni kosa la jinai linaloweza kugusa makaratasi yake ya ukaazi. Vivyo hivyo akigonga: nyumbani dereva hukimbilia kituoni akihofia kupigwa na umati, huku kuondoka ni kosa zito kuliko kugonga kwenyewe. Abaki pale, apige 911 kama kuna aliyeumia, wabadilishane bima.

Na akija kwenda likizo Dar miezi miwili, akirudi wiki ya kwanza asiendeshe usiku. Mkono unakuwa umesharudi kushoto tena, na zile chupa za maji zitahitajika upya.