Mbege jikoni Houston: pika, kunywa, gawa, ila usiuze

Ndugu wanaohamia huku Texas wakishasikia kwamba mbege ya sherehe zetu, ile pombe ya ndizi na ulezi ya kwetu Kilimanjaro, inatoka jikoni kwangu, huniuliza swali lile lile: "Dada, hivi huku si wanafunga mtu kwa kupika pombe nyumbani?" Kupika unaruhusiwa. Kinachomfikisha mtu pabaya ni kuuza, na ni gongo. Naandika haya kwa sababu naona watu waoga wakijinyima kinywaji chao bila sababu, na watu jasiri wakikaribia kesi bila kujua.

Marekani ilipiga marufuku pombe nchi nzima kuanzia mwaka 1920. Marufuku ilipofutwa mwaka 1933, divai ya nyumbani iliruhusiwa lakini bia ya nyumbani ikaachwa nje ya sheria. Ikakaa hivyo hadi Oktoba 1978, Rais Jimmy Carter alipotia saini sheria iliyoanza kutumika Februari 1979. Kwa sheria hiyo, nyumba yenye mtu mzima mmoja inaweza kutengeneza galoni 100 za bia kwa mwaka, kama lita 378. Wakiwa wawili au zaidi ni galoni 200, karibu lita 757, na hapo ndipo mwisho hata mkiishi watano. Hulipi kodi, huombi leseni. Mtu mzima hapa ni aliyefikisha miaka 21, kwa hiyo kijana wa chuo wa miaka 19 asiguse sufuria kwa jina lake. Mbege yetu ina kimea cha ulezi ndani yake, kwa hiyo kisheria inahesabiwa kuwa bia.

Hiyo ni sheria ya nchi. Kila jimbo lina yake juu ya hapo. Mississippi na Alabama zilikuwa za mwisho kuruhusu, mwaka 2013, na Alabama iliweka kikomo cha galoni 15 kwa kila miezi mitatu. Ziko pia wilaya kavu, yaani zisizoruhusu pombe kuuzwa, ambazo zina masharti yake. Kabla hujavundika ndizi, ingia kwenye tovuti ya mamlaka ya vileo ya jimbo lako usome. Soma na mkataba wako wa nyumba, hasa kama unaishi apatimenti.

Sasa kuuza. Kule Kilimanjaro tumelelewa na mbege ya kuuza. Mama anapika, kilabu kinafunguliwa, watu wanakaa na kata mkononi, ada ya shule inapatikana. Ndiyo maana wengi wetu hatuoni tatizo mtu akichangia dola tano kwa lita. Hapa ukipokea hata dola moja umetoka kwenye ruhusa ya nyumbani na kuingia kwenye biashara ya pombe, ambayo inataka kibali cha shirikisho na leseni ya jimbo. Jina utakaloipa hela halikusaidii. Nimeona matangazo ya sherehe kwenye makundi yetu ya WhatsApp: "Kiingilio dola 30, nyama choma na mbege ndani." Kiingilio kikiwa sharti la kunywa, Texas wanaihesabu pombe hiyo kuwa imeuzwa, hata kama hakuna aliyelipia kikombe. Kwa hiyo kwenye sherehe yenye tiketi mbege yangu haiendi, hata aombe nani. Kwenye harusi, kipaimara au msiba ambako watu wanakaribishwa bure, naipeleka kwa moyo wote. Kamati ya harusi ikitaka kunilipa naikatalia, hata hela ya ndizi siipokei. Wakitaka kunisaidia, waje wamenye.

Wengine wataona nimekaza mno. Lakini fomu ya kuomba uraia, N-400, inauliza kama umewahi kukamatwa au kushtakiwa, hata kama kesi ilifutwa. Mtu aliyesubiri miaka mingi kupata green card, akaanza kuhesabu miaka ya uraia, hana sababu ya kubeba kesi ya jinai kwa ajili ya ndoo ya mbege.

Gongo ndiyo hatari zaidi, na hapo sina mjadala. Ruhusa ya galoni 100 ni ya pombe ya kuchachua tu. Ukiweka mtambo ukakusanya mvuke, hata chupa moja ya kunywa mwenyewe, sheria ya shirikisho inaweza kukupa kifungo cha hadi miaka mitano na faini ya hadi dola 10,000. Mwaka 2024 jaji mmoja hapa Texas aliamua upande wa chama kimoja cha wapenzi wa kupika pombe kali nyumbani, na ujumbe ukasambaa kwamba "sasa ruksa". Amri ile ilikihusu chama hicho na wanachama wake, si wewe na mimi. Na ndugu zangu Wakenya mnaosema chang'aa ilihalalishwa mwaka 2010, hata huko ni kwa leseni na kwa viwango.

Watu huchanganya hatari ya gongo na ya mbege. Visa tunavyovisikia vya watu kupofuka na kufa kwa methanoli, kilevi chenye sumu, vinatokana na pombe kali iliyopikwa ovyo au kuongezwa kemikali za viwandani. Pombe iliyochacha yenyewe kwenye ndoo safi haifikii methanoli ya kiasi hicho. Hatari ya jikoni kwako ni uchafu, na chupa inayopasuka.

Tuje kwenye kupika. Ndizi za dukani huku zinatosha. Nunua zikiwa kijani, zivundike kwenye katoni lililofunikwa mpaka maganda yawe na madoa meusi na harufu ianze kujaa chumba. Menya, chemsha na maji kwa saa kadhaa kwa moto mdogo, ukikoroga, mpaka rangi igeuke kuwa nyekundu ya kahawia. Usiharakishe hapa. Rangi ile ndiyo ladha. Acha ipoe kabisa, hamishia kwenye ndoo, funika, uiache ichache siku kadhaa, kisha chuja kwa kitambaa ukamue machicha.

Ulezi unapatikana kwenye maduka ya Wahindi kwa jina la ragi. Usichukue unga, chukua punje nzima, maana unataka kimea. Loweka usiku kucha, mwaga maji, tandaza kwenye kitambaa chenye unyevu. Baada ya siku mbili tatu utaona vimizizi vyeupe vyembamba kama nywele. Vikifika urefu wa punje yenyewe, anika, halafu saga kwenye mashine ndogo ya kahawa. Ukiona ukungu wa kijani au mweusi, tupa yote, usichambue. Unga huo unapikwa uji, unapozwa, ndipo unachanganywa na maji ya ndizi. Kesho yake mbege inanyweka.

Uchungu wa msesewa, mti ambao magome yake hutiwa kwenye mbege, ndio unaokosekana. Magome hayo ukiyaleta kutoka nyumbani, yaorodheshe kwenye fomu ya forodha. Ofisa akiyachukua, basi. Hopsi, maua machungu yanayotiwa kwenye bia, za duka la vifaa vya pombe hutoa uchungu wa aina nyingine, lakini unakubalika.

Kila kitakachogusa pombe baada ya kupoa kioshwe na kutiwa dawa ya kuua vijidudu, hata kijiko cha kuonjea. Weka ndoo kwenye chumba chenye kiyoyozi, maana joto la Houston huifanya mbege kuwa siki upesi. Acha nafasi juu kwa ajili ya povu. Na usiifunge mbege kwenye chupa ya kioo yenye kizibo cha kukaza, kwa kuwa bado inachacha, na gesi inaweza kuipasua chupa mkononi mwa mtoto.

Ukitaka kujua ukali, nunua haidromita, kifaa kinachoelea na kupima uzito wa kimiminika. Chuja maji kidogo ya ndizi uyapime kabla hayajaanza kuchacha, pima tena yakishachacha kabla hujachanganya uji, toa, zidisha kwa 131. Ikianza 1.040 ikaishia 1.010, una karibu asilimia 4. Wageni waambie, hasa wanaoendesha, kwa sababu mbege ni tamu na mtu hajioni anavyokunywa.

Ukiipeleka kwenye sherehe, dumu likae kwenye buti, si miguuni pa abiria. Dumu la nyumbani halina lakiri ya kiwandani, kwa hiyo askari akilikuta mbele anaweza kulihesabu kuwa chombo kilichofunguliwa, hata kama hakuna aliyeonja. Na kwa ndugu wa jimbo jingine usiitume kwa posta. Posta ya Marekani hairuhusu pombe kabisa. Mpigie simu umwelekeze kupika, ulezi ataupata huko huko aliko.